UZI: Farasi hawezi kukuambia "leo nina nafuu". Tunajuaje dawa imemsaidia?

DaktariMdogo_Lshi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Nawaandikia kutoka Lubumbashi. Nimesomea udaktari wa mifugo hapa UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kazi yangu ya kila siku ni mbuzi, nguruwe, kuku na mbwa, kama wenzangu wengi. Farasi ni wachache huku kwetu, na sababu zake ni za zamani: ndorobo, na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na usubi. Lakini hao wachache nimekuwa nikiitwa kuwatazama tangu nikiwa mwanafunzi, na nimewapenda.

Kiangazi cha mwaka juzi niliitwa kwa farasi jike wa kijivu mwenye pumu. Mwezi wa 8 hapa mjini mnaujua ulivyo: vumbi jekundu juu ya kila kitu, moshi wa makaa, na robota za nyasi ukizifungua ndani mna ukungu. Mwenye farasi alikuwa amenunua dawa ya unga kwa muuzaji aliyemwahidi kwamba ndani ya wiki moja kifua kitafunguka. Nilimsikiliza farasi, nikaandika kwenye daftari: "Anapumua kwa shida kidogo. Kikohozi kipo. Aendelee na unga siku 7."

Siku ya 8 nikarudi. Mwenye farasi akanipokea langoni, uso umemeremeta: "Dokta, amepona!" Mtunzaji wake, mzee anayelala chumba kilicho ukutani mwa banda, akasubiri bosi aondoke ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku uliopita farasi alikohoa mpaka yeye akaamka mara mbili. Nikafungua daftari langu ili liwaamue. Nikakuta neno "kidogo".

Kidogo kuliko nini? Kuliko farasi gani, kuliko siku gani? Nilisimama pale na kalamu mkononi na sikuwa na la kumjibu yeyote kati yao. Kisha mzee akaongeza kwamba tangu siku ya tatu alikuwa anazimwagia nyasi maji kabla ya kulisha, maana vumbi lilimtesa hata yeye mwenyewe. Basi hata kama farasi alikuwa na nafuu, ilitoka kwenye unga au kwenye ndoo ya maji?

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata juu ya jinsi watafiti wa dawa za farasi wanavyopima UKALI wa ugonjwa. Naona huko ndiko jaribio la dawa linakopona au kufia, kabla hata chupa haijafunguliwa. Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu atupe.

---

DaktariMdogo_Lshi

Nianze na kifua, kwa kuwa ndicho kilichoniumbua.

Kipimo chepesi kuliko vyote cha pumu ya farasi kinatazama mahali pawili tu: tundu za pua na tumbo. Kila mahali panapewa alama 1 hadi 4. Farasi mzima aliyesimama kivulini anapata 1 na 1, jumla 2. Aliyezidiwa anapata 4 na 4, jumla 8: pua zimepanuka muda wote, na kila anapotoa pumzi tumbo linasukuma kwa nguvu. Farasi aliyeteseka hivyo kwa muda mrefu misuli yake inakua mpaka mstari unajichora chini ya mbavu. Ukishauona mara moja hutausahau.

Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mashine. Ubaya ni kwamba hauoni pumu nyepesi. Farasi mwenye pumu nyepesi akiwa amesimama anapata 2 kama mzima, na shida inajitokeza akikimbizwa tu. Kumjua huyo inabidi kuosha sehemu ya mapafu kwa maji ya chumvi na kuhesabu seli chini ya darubini. Katika pumu kali, neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, huwa zaidi ya asilimia 25 ya seli zinazohesabiwa.

Kipo pia kipimo kikubwa zaidi, kinachojumlisha kasi ya kupumua, kamasi, pua, tumbo, kikohozi na milio ya kifua unayoisikia kwa stetoskopu. Alama ya juu kabisa ni 23. Ndicho kilichotumika katika jaribio la ciclesonide, dawa ya pumu ambayo farasi anapuliziwa kupitia tundu la pua la kushoto. Dawa hiyo ilikubaliwa Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Waliamua MAPEMA kwamba farasi atahesabiwa kuwa amefaulu ikiwa alama zake zitashuka kwa asilimia 30 au zaidi baada ya siku 10. Waliingiza farasi zaidi ya 200 wenye pumu kali. Nusu wakapata dawa, nusu wakapata plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani.

Majibu yalichapishwa 2021. Waliopata dawa, 73 kati ya 100 walifaulu. Waliopata plasebo, 43 kati ya 100 walifaulu.

Naomba msipite haraka hapo. Farasi 43 kati ya kila 100 walipata nafuu ya kuhesabika bila tone la dawa. Lile jike langu la kijivu lingeweza kabisa kuwa mmoja wao. Na yule muuzaji wa unga, kama angepewa farasi 100 na akakosa kundi la kulinganishia, angetoka na watu 43 wa kumtolea ushuhuda, wote wakisema kweli tupu.

---

MtotoWaKatuba

Yaya dokta, aksanti kwa huu uzi. Mi niko mutoto wa Katuba, tata yangu, baba, alitumika na bafarasi myaka mingi. Yeye hana karatasi, hana ile kitu ya kusikiliza kifua. Anaingia mu banda asubui, anasimama kidogo, anakuambia: ule pale leo haiko muzuri. Na badocteur banakuya nyuma banakuta ni kweli. Sasa hizi namba 1, 2, 3, 4 zinamuzidi tata yangu nini?

---

DaktariMdogo_Lshi

Ndugu yangu, hazimzidi. Namba hizi zilizaliwa kwa watu kama tata yako: wenye macho waliulizwa unaona nini, likaandikwa. Nilimuuliza hivyo yule mzee wa banda baadaye. Nilidhani atanitajia kikohozi. Akaniambia anatazama kwanza sakafuni: nyasi zimebaki ngapi, kinyesi kimeanguka mahali pamoja au kimesambaa kwa kuhangaika, majani ya kulalia yamekanyagwa vipi. Ndipo anainua macho kwa farasi. Chuoni hakuna aliyewahi kunifundisha kutazama kwa mpangilio ule.

Shida ni moja tu. Jicho la tata yako linakaa ndani ya tata yako. Akiugua, au akiwa banda la Lubumbashi wakati farasi wa pili yuko Likasi, halimfikii. Na mtu wa tatu anayetaka kujua kama dawa inafaa hawezi kulikagua. Namba ni njia ya kulitoa jicho lake nje ili wengine walishike.

Halafu kuna jambo ambalo yeye analijua vizuri kutuzidi. Farasi ni mnyama anayeliwa na simba. Akiumwa anaficha, hasa mbele ya mgeni. Nikiingia mimi na koti jeupe, masikio yanasimama na kichwa kinanyanyuka, nami naandika "hali nzuri". Nikitoka anashusha kichwa. Ndiyo maana watafiti wa maumivu wanaweka kamera ukutani na kuondoka, kisha wanapima kwenye video.

---

NesiWaUzazi (Bukavu)

Dokta, mimi ni mkunga huku Bukavu, farasi sijawahi hata kumgusa, lakini nimesoma mpaka mwisho kwa sababu unaeleza kazi yangu. Mtoto akizaliwa naye hasemi. Tunampa alama ya Apgar: rangi, mapigo ya moyo, anavyoitikia, misuli, kupumua. Kila kimoja 0, 1 au 2, jumla 10, dakika ya kwanza na dakika ya tano. Daktari Virginia Apgar alikibuni mwaka 1952 na mpaka leo usiku wa manane nikimpigia simu daktari nikasema "alama 4 dakika ya tano", hahitaji nimweleze zaidi, anavaa viatu.

Swali langu: je, kwa farasi kuna kitu cha namna hiyo kwa maumivu? Si pumu, maumivu yenyewe.

---

DaktariMdogo_Lshi

Mama, kipo, na muundo wake unakaribiana mno na Apgar. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi ya kupima uso wa farasi, iliyofanywa kwa farasi waliohasiwa. Wanatazama mahali 6 usoni: masikio yaliyokazwa kurudi nyuma, jicho linalofumba nusu, ngozi iliyokaza juu ya jicho mpaka mfupa unajitokeza, misuli ya kutafunia iliyovimba kwa kukaza, mdomo uliobanwa na kidevu kuchongoka, na tundu za pua zilizokaza. Kila mahali 0, 1 au 2. Jumla ya juu 12.

Nilichapisha picha zake na kuzibandika bandani. Wiki ya kwanza watunzaji walizitazama tu. Wiki ya pili mmoja akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi: "Dokta, huyu wa mwisho jicho lake ni 2." Alikuwa ana msokoto wa tumbo unaoanza. Tulimuwahi.

Kwa msokoto wa tumbo wenyewe usitegemee uso peke yake. Moyo wa farasi mkubwa aliyetulia unapiga takriban 28 hadi 44 kwa dakika. Ukizidi 60 bila kushuka nina hofu, ukizidi 80 naanza kuzungumza na mwenye farasi kwa maneno mengine. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Sikiliza tumbo pande nne. Hivyo vitu haviwezi kuficha kama uso unavyoweza.

---

Mwalimu_wa_Hesabu (Goma)

Salaam kutoka Goma. Nafundisha hesabu sekondari na nina mambo mawili, naomba nisionekane mchokozi.

La kwanza. Umetuambia alama 1, 2, 3, 4. Hizo si kilo. Mbuzi wa kilo 40 ana uzito mara mbili ya mbuzi wa kilo 20, lakini farasi wa daraja la 4 haumwi "mara mbili" ya daraja la 2. Hata hatua zenyewe hazilingani: kutoka 1 kwenda 2 pengine ni padogo na kutoka 3 kwenda 4 ni shimo. Mtu akichukua farasi kumi, akajumlisha madaraja, akagawanya kwa kumi, akatangaza "wastani umeshuka kutoka 2.7 mpaka 2.1", mimi namuuliza hiyo 0.6 ni kitu gani bandani.

La pili. Watu wawili wakimtazama farasi mmoja, wanakubaliana mara ngapi? Kama hawakubaliani, kipimo ni kamba ya mpira.

---

DaktariMdogo_Lshi

Mwalimu, wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri.

Nichukue kuchechemea, kwa sababu ndiko maswali yako yote mawili yanakouma. Chama cha madaktari wa farasi cha Marekani, AAEP, kina madaraja 0 hadi 5. 0 hakuna kinachoonekana. 1 kunaonekana kwa shida, leo kupo kesho hakupo. 2 ni vigumu kukuona akienda moja kwa moja, lakini mzungushe kwenye duara, au mpeleke mahali pagumu au penye mteremko, kunatokea kila mara. 3 kunaonekana kila mara akiwa mbio ndogo, hali yoyote. 4 kunaonekana wazi hata akitembea. 5 mguu haubebi uzito au unabeba mdogo mno, au hawezi kusogea kabisa.

Sasa tazama madaraja yanavyobadilisha swali katikati ya njia. 1 na 2 yanauliza "ni rahisi kuona?" 4 na 5 yanauliza "anaweza kutembea?" Hayo ni maswali mawili tofauti yaliyofungwa kamba moja. Umesema kweli, wastani wake hauna maana. Ndiyo maana majaribio makini hayatoi wastani. Yanahesabu farasi wangapi walishuka angalau daraja moja kamili. Dawa ya clodronate, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ugonjwa wa mfupa wa navicular kwenye kwato, ilipimwa hivyo: siku ya 28, mguu ulioathirika zaidi uwe umepungua angalau daraja moja na mguu wa upande wa pili wa farasi huyo huyo usiwe umezidi. Ndiyo au hapana, kisha unahesabu vichwa.

Kukubaliana sasa. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ya madaktari wazoefu waliotazama farasi wale wale 131. Kwa farasi ambao wastani wa madaraja yao ulizidi 1.5, madaktari walikubaliana kama mguu fulani unachechemea au la mara 93 kati ya 100. Kwa waliokuwa 1.5 kushuka chini, walikubaliana mara 62 kati ya 100. Shilingi ukiirusha hewani inakupa 50. Na hawa walikuwa watu wenye miaka ya kazi.

Kwa hiyo dawa inayodai kumshusha farasi kutoka 1 mpaka 0 inadai kitu ambacho macho ya wataalamu hayakioni kwa uhakika. Hapo ndipo wanapoingiza bamba la kupimia nguvu ya mguu unapokanyaga, au vihisio vinavyofungwa kichwani na kwenye nyonga. Huku kwetu hatuna. Tulicho nacho ni simu za kupigia video, na hizo zinatosha kwa mengi.

Kwato zilizovimba ndani, laminaitisi, zina madaraja yake tangu 1948, ya Nils Obel wa Sweden, 1 hadi 4. Nayapenda kwa sababu yanamhusisha anayepima: ukijaribu kumwinua mguu, anakubali au anakataa? Daraja la 2 anakubali. Daraja la 3 anakataa. Hakuna "kidogo" humo.

---

Mama_wa_Kasapa

Mwanangu dokta, nimekuwa nasoma kimya. Mimi nimefuga farasi wawili, mmoja amebaki. Yule mwingine alikufa na ugonjwa wa farasi, mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Jioni alikula. Asubuhi povu jeupe linamtoka puani kama mtu amefungua bomba, na kabla ya saa sita ameanguka. Ninaandika na bado namwona.

Baada ya hapo alinijia mtu anauza sindano. Akasema ametibu farasi wanne wa ugonjwa huo huo na wote wazima, akanionyesha picha zao kwenye simu. Ni kweli walikuwa wazima. Nimebaki najiuliza mpaka leo: ningemjua mapema, mnyama wangu angepona?

---

DaktariMdogo_Lshi

Mama, pole sana. Naomba nikujibu polepole, kwa sababu swali lako ndilo uzi mzima.

Ugonjwa huo ni wa virusi, na una sura nne. Sura ya mapafu ndiyo iliyompata wako: homa, kushindwa kupumua, povu, kufa kwa saa chache. Inaua zaidi ya farasi 9 kati ya 10. Sura ya moyo inakwenda polepole zaidi: vile vishimo vilivyo juu ya macho vinafura, kichwa na shingo vinavimba, na inaua takriban nusu. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, na mara nyingi inatambulika vizuri baada ya kupasua maiti. Ya nne ni homa tu, siku chache, uvimbe mdogo juu ya jicho au hakuna, na farasi anapona mwenyewe. Hiyo huwapata punda na pundamilia, na farasi wenye kinga kiasi, kwa mfano waliochanjwa.

Sasa mchukue yule mtu na farasi wake wanne. Nani alipima kabla ya sindano walikuwa sura gani? Kama walikuwa wa homa tu, wangepona hata kwa sindano ya maji. Angeleta sindano ile ile kwako asubuhi ile, usingeona tofauti yoyote. Haihitaji kuwa mwongo. Inatosha kuwa hakuandika walianzia wapi.

Ugonjwa huo hauna dawa inayoua kirusi chake. Kuna chanjo, inayotengenezwa Onderstepoort huko Afrika Kusini, na kuna kumfungia farasi ndani kuanzia jioni mpaka asubuhi, usubi unapouma zaidi. Hukukosa sindano yoyote, mama. Huyo aliyebaki, tuzungumze juu ya chanjo yake na neti za madirisha kabla mvua hazijaanza.

Na kwa wanaofanya utafiti: hii ndiyo sababu ukali unapimwa KWANZA, halafu kura ndiyo inaamua nani apate dawa. Ukiacha daktari achague, atampa dawa yule anayemhurumia zaidi, au yule anayeonekana atapona, na makundi mawili hayatakuwa yameanzia mstari mmoja.

---

Mama_wa_Kasapa

Asante mwanangu. Nilikuwa nimebeba hilo neno. Nitakupigia kuhusu chanjo.

---

MchungajiMbuzi_Kipushi

Dokta mimi ni mtu wa mbuzi. Ulinifundisha mwenyewe kufunua kope la chini na kulinganisha na kadi ya rangi. Hiyo si ndiyo hii hii?

---

DaktariMdogo_Lshi

Ndiyo hii hii kabisa. Kadi ile, FAMACHA, ilitokea Afrika Kusini: rangi 5, kutoka nyekundu ya afya hadi nyeupe ya kukosa damu kwa minyoo. Mchungaji anapima mwenyewe na kuamua nani apewe dawa na nani aachwe. Angalizo moja tu kwa wenzako: inapima upungufu wa damu. Mbuzi akikosa damu kwa sababu nyingine, kadi haitakuambia.

---

NesiWaUzazi (Bukavu)

Dokta, kitu kimoja kimenikaa moyoni. Umesema nusu wanapewa plasebo. Yule wa plasebo akiumwa sana je? Anaachwa ateseke ili hesabu itimie?

---

DaktariMdogo_Lshi

Hapana, na hii ni kazi ya pili ya kipimo ambayo watu huisahau.

Kabla jaribio halijaanza inaandikwa: alama zikifika hapa, mnyama anatolewa mara moja na kupewa dawa inayojulikana. Kwa mfano farasi aliyehasiwa uso wake ukifika alama fulani, anapewa flunixin, dawa ya maumivu, 1.1 mg kwa kila kilo, bila kungoja ruhusa ya mtu. Katika hesabu anaandikwa kama ambaye matibabu yake hayakufaulu. Wala huna haja ya kujua alikuwa kundi gani ili kumsaidia.

Na mstari huo lazima uwe namba. Ukiandika "akiteseka sana atatolewa", utarudi pale pale kwenye daftari langu. Mtafiti aliyekaa miezi akitafuta farasi wa kutosha ana sababu elfu za kuamini kwamba huyu bado "hajateseka sana". Simsemi kwa ubaya. Ningekuwa mimi ningekuwa na sababu hizo hizo.

Pia anayepima asijue nani kapata nini. Mwongozo wa kimataifa wa VICH wa mwaka 2000 juu ya majaribio ya dawa za mifugo unalizungumzia hilo. Bandani ni kazi kubwa kuliko karatasini. Dawa ikiwa na harufu na plasebo haina, mtunzaji amejua siku ya kwanza. Dawa ikimlegeza farasi, kila mtu amejua. Ndiyo maana anayetia dawa na anayepima wanapaswa kuwa watu wawili wasiozungumza juu ya farasi hao.

---

Mwalimu_wa_Hesabu (Goma)

Nimeridhika na la madaraja. Lakini ile 43 kati ya 100 ya plasebo bado inaniwasha. Plasebo inamfanyaje farasi apone, ilhali hajui kama amepewa dawa?

---

DaktariMdogo_Lshi

Farasi hajui, lakini walio karibu naye wanajua yuko kwenye jaribio. Mabanda yanafagiliwa. Nyasi zinalowekwa. Mnyama anatolewa nje apate hewa.

Pili, pumu ina mawimbi. Mtu anakubali kumwingiza farasi wake siku ambazo hali ni mbaya kabisa. Wimbi likiwa juu, safari yake ya kawaida ni kushuka, upo usiwepo. Tatu, anayepima naye ana moyo, anataka wapone, na kwenye alama iliyo kati ya 2 na 3 moyo unaisukuma kalamu. Hakuna kati ya hayo matatu ambayo dawa ingeyaondoa. Yamo pia ndani ya zile 73. Kinachobaki baada ya kutoa, takriban 30 kati ya 100, ndicho cha dawa.

---

MtotoWaKatuba

Yaya, nilimusomea tata uzi wote jana magaribi. Alisikiliza mupaka mwisho. Akasema: mwambie dokta anitumie bavideo, nitapima na mie.

---

DaktariMdogo_Lshi

Ndugu, umenifurahisha kuliko unavyojua. Nina video 12 fupi za farasi wenye kifua, nyingine kabla ya matibabu, nyingine baada. Dada yangu amezichanganya na kuzipa namba, na orodha ya ipi ni ipi ameifunga ndani ya bahasha ambayo sijaifungua. Nakutumia kwa WhatsApp pamoja na picha za pua na tumbo kwa kila alama. Tata apime peke yake. Asiniambie mpaka amalize zote.

---

MtotoWaKatuba (siku nne baadaye)

Amemaliza. Alikatala kuvaa miwani ya mama, akaomba tununue yake. Video munane mulilingana kabisa na zile ulinitumia leo. Tatu mumeachana kwa alama moja. Lakini video ya 4, tata ameandika 6 na wewe uliandika 3. Nimemuuliza kama amekosea. Anasema hapana, utazame tumbo WAKATI farasi anamaliza kutoa pumzi, kuko musukumo wa pili, mudogo. Anasema wewe ulitazama pua.

---

DaktariMdogo_Lshi

Nimeitazama tena mara tano, sauti nimeizima. Msukumo wa pili upo. Sikuuona.

Alama zetu za video ya 4 hatuzibadilishi, zibaki 3 na 6 kama zilivyo. Tunachobadilisha ni maelezo ya tumbo kwenye karatasi, tuandike huo msukumo kwa maneno ya tata mwenyewe, kisha tupime video mpya ambazo hakuna kati yetu aliyeziona. Jumamosi nakuja Katuba saa nne asubuhi. Bahasha nitakuja nayo ikiwa imefungwa.